Ndoo Kwenye Msumari

Mtu akicheka peke yake mbele ya kompyuta, mara nyingi kaona mwenzake akijikwaa. Mzee wa Misumari alikuwa akicheka birika.

Hariri aliliona jambo hilo kwa macho yake, akiwa kaegemea mlango wa kafe ya intaneti, na moyo ukamruka. Mzee wa Misumari, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, hakuwa mtu wa kucheka. Watu walisema mara ya mwisho alicheka siku bei ya saruji ilipopanda, na hata siku hiyo alijifunika mdomo kwa risiti. Leo machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Halifanyi kitu!" alisema, akikionyesha kioo kwa kidole. "Limekaa tu! Birika! Limekaa!"

Kosa halikuwa lake. Mwenye kafe, msichana wa miwani na maneno machache, alikuwa na desturi ya kuandika kwa chaki kila asubuhi, kwenye ubao uliosimama mlangoni: UKURASA WA LEO. Chini yake aliandika anwani ya tovuti moja ya ajabu aliyoivumbua mwenyewe katika pitapita zake mtandaoni. Juzi ilikuwa tovuti ya mtu anayepiga picha glavu zilizodondoka barabarani, za upande mmoja tu. Jana ilikuwa tovuti yenye kitufe kimoja kilichoandikwa "Usibonyeze", na ukikibonyeza kinakuuliza kwa upole, "Nyumbani pia huwa husikii?" Leo ilikuwa kamera iliyoelekezwa kwenye birika la mtu fulani, mahali fulani duniani, asubuhi hadi jioni. Watu waliingia kutoa nakala ya cheti wakatoka saa mbili baadaye wamesahau cheti.

"Samahani, mzee wangu," Hariri alisema, akivuta kiti taratibu kama mtu anayekaa msibani. "Shikamoo."

"Marahaba. Umeliona hili birika?"

"Nimeliona. Na umeiona namba iliyo chini yake?"

Mzee wa Misumari alisogeza uso. "Elfu arobaini na kitu. Ya nini?"

"Watazamaji."

Kicheko kikakatika. Ukimya ulioingia hapo ulikuwa ukimya wa mfanyabiashara, ambao ni tofauti na ukimya wa watu wengine: una sauti ya droo inayofunguka.

"Watu elfu arobaini wanaangalia birika?"

"Wanaliangalia wakicheka kama wewe, mzee. Mwenye birika hacheki; anahesabu pesa."

Hapa yafaa tusimame kidogo kwa heshima, maana hivyo ndivyo Hariri alivyofanya kazi. Hakuwahi kumvuta mtu. Alifungua mlango, akasogea pembeni, akamwachia mtu aingie na tamaa yake mwenyewe. Jina hilo la Hariri alipewa na watu aliowahi kuwauzia, miongoni mwa vitu vingine, mwavuli wa kukinga joto la mwezi. Maneno yake yalikuwa laini hata mtu alimshukuru kwanza, kisha akaenda nyumbani kukasirika.

Ila safari hii hakuwa akitafuta cha mfukoni. Alikuwa akitafuta ofisi.

Msichana wa kafe alikuwa mchumba wake. Walipendana kweli, jambo lililowashangaza wote wawili. Tatizo lilikuwa mama wa msichana, mwanamke wa mji wa mbali ambaye alikwisha kuwakataa wachumba wawili: mmoja kwa kuvaa saa mikono yote miwili, mwingine kwa kucheka kabla mzaha haujaisha. Hariri alipozungumza naye kwa simu mara ya kwanza, ulimi ulimtangulia. Alimwambia kuwa yeye ni mkurugenzi.

"Mkurugenzi wa nini?" mama aliuliza.

"Wa... masuala, mama."

"Vizuri. Jumamosi ijayo nakuja kuiona hiyo ofisi ya masuala. Nataka nikalie kiti chake."

Mchumba wake alikuwa amemwambia mapema, "Mwambie mama ukweli. Mama anasamehe ukweli wowote, hata mbaya. Uongo hausamehe hata uwe mzuri." Hariri akacheka. Ukweli, kwa maoni yake, ulikuwa nguo ya watu wasiojua kushona.

Na juu ya duka la Mzee wa Misumari kulikuwa na chumba. Hariri alikijua. Kilikuwa na meza pana ya mninga, dirisha linalotazama barabara, na kiti cha ngozi cheusi kinachozunguka, kilichonunuliwa na Mzee mwenyewe siku alipotaka kuwa mkubwa, kikamtia kizunguzungu, akarudi kukalia mfuko wa saruji dukani.

"Mzee," Hariri alisema akishusha sauti, "birika ni la nani hatujui. Lakini wewe una kitu kinacholishinda."

"Kitu gani?"

"Nisikuambie. Utanifukuza."

"Sema, kijana."

"Msumari wako."

Jambo moja lilijulikana mji mzima kuhusu duka lile. Mteja akiuliza kama misumari ni imara, Mzee hakujibu kwa mdomo. Alichukua nyundo, akapigilia mmoja ukutani kwa mapigo matatu, akachukua mfuko wa mteja mwenyewe, hata uwe umebeba nini, akautundika hapo. Kisha akakunja mikono. Ukuta wa duka ulikuwa na matundu kama chujio, na hakuna mfuko uliowahi kuanguka.

"Fikiria," Hariri aliendelea. "Msumari wako mmoja. Ukutani. Umebeba ndoo. Dunia nzima inaangalia na kujiuliza: utaanguka lini?"

"Hauanguki," Mzee alisema, ameumia.

"Ndiyo maana hawataacha kuangalia!"

Mzee wa Misumari alilitazama birika tena. Sasa alilitazama kama mshindani.

Walikubaliana dukani, mbele ya wateja, kwa kushikana mikono. Chumba cha juu kingekuwa studio, Hariri angekuwa msimamizi wake, na meza na kiti vingebaki humo kwa ajili ya heshima ya kazi. Hariri alitaka neno moja tu liongezwe, na alilisema kwa sauti ili mashahidi wasikie.

"Nisitolewe chumbani humo mpaka msumari uanguke wenyewe."

"Hauanguki," Mzee alisema tena.

"Basi huna cha kuhofu."

Mzee alifikiri. Hakuwa mwepesi wa kufikiri, lakini akifika alikuwa amefika. "Na mimi naongeza langu. Hutoki chumbani tangu nifunguapo duka mpaka nifungapo. Unaulinda. Nami sitaki mtu auguse, hata wewe."

Hariri nusura apige kigelegele. Mkurugenzi atoke ofisini aende wapi? Alikuwa amepata chumba, meza, kiti na dirisha, vyote vya maisha, kwa sababu ya msumari mmoja. Alivuka barabara akiimba.

"Nitengenezee ukurasa, mpenzi," alimwambia mchumba wake. "Wewe ndiye mjuzi. Msumari, ndoo, na namba ya watazamaji chini. Namba uifanye ipande yenyewe, ya uongo, Mzee afurahi."

Msichana alimwangalia juu ya miwani.

"Kwa hiyo mama yangu atakuja kukalia kiti cha Mzee wa Misumari."

"Atakalia kiti cha mkwe wake."

"Nakuuliza mara ya mwisho. Utamwambia ukweli?"

"Baada ya harusi. Tena kidogo kidogo, kama dawa."

"Haya," alisema msichana. "Nitakutengenezea."

Alikuja mwenyewe kufunga simu kuukuu kwenye kigoda, akaielekeza ukutani. Mzee wa Misumari akapanda na nyundo. Mapigo matatu. Kisha akaleta kutoka dukani ndoo mpya ya bati, iliyokuwa iking'aa hata ungeweza kunyolea ndevu mbele yake, akaitundika kwenye msumari, akakunja mikono. Msichana alikaa muda akiisogeza simu kushoto, kulia, kushoto. Hariri hakujali. Alikuwa kwenye kiti, akizunguka.

Siku ya kwanza namba ilisoma saba.

"Mbona inapanda kama mzee mwenye goti?" alimlalamikia mchumba wake kwa simu.

"Uongo ukikimbia utashtukiwa."

Hilo likamwingia. Alikuwa na mwanamke mwenye akili.

Kuanzia hapo Hariri aliishi. Asubuhi alipanda ngazi na fulana, akavaa koti alilolitundika nyuma ya mlango, akakaa mezani akatia sahihi hewani. Alikuwa hana karatasi, lakini mkono ulihitaji mazoezi. Alijibu simu ambazo hazikulia. "Hapana, waziri, leo nina kikao." Alijifunza kuzunguka kitini na kusimama ghafla akiutazama mlango, kama mtu aliyekuwa akiwaza mambo makubwa na mgeni kamkatiza. Mara ya kwanza alipitiliza akatazamana na dirisha. Mara ya tano aliangukia pipa la taka. Akakomaa.

Kwa kuwa mtu mjanja asiye na wa kumsimulia ujanja wake ni kama mpishi asiye na wa kuonja, alimpigia simu kaka yake.

"Kaka, Mzee nimempata! Amenipa chumba kizima! Kichwa chake ni kama nyundo yake: kizito, na hakigeuki mpaka ukishike kwa mpini." Akacheka mpaka kiti kikazunguka chenyewe. "Na mpini ninao mimi!"

Ila kazi yake kubwa ilikuwa shairi. Alikuwa amelitunga kumpokea mama mkwe, na kila alasiri alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja kifuani, mwingine ukielea, akaighania ile ndoo, maana ndiyo iliyokuwa na sura ya kumsikiliza:

"Karibu mama karibu, keti kwenye kiti changu,
Nimefanya taratibu, kampuni hii ni yangu,
Sina deni sina tabu, sina doa jina langu,
Naomba lako jawabu, nimpate mwenza wangu."

Hapo kwenye "sina doa" sauti ilikuwa ikimkwama kila siku. Huenda koo lilikuwa na aibu kuliko mwenyewe.

Namba sasa ilikuwa imepita elfu kumi. "Hii namba yako ya uongo ina tamaa," alimwambia mchumba wake, akicheka. "Mzee ataamini kweli?"

"Ataamini," alisema msichana.

Mji nao ulianza kumheshimu. Alipotoka jioni, muuza vocha alimpigia saluti. Fundi viatu alizunguka kwenye kigoda chake, akasimama ghafla, akamtazama kama mtu aliyekuwa akiwaza mambo makubwa. "Leo vipi kikao, mheshimiwa?" Askari wa usalama barabarani alisimamisha magari ili yeye avuke, akamwuliza, "Pipa limepona?" Hariri hakuelewa, lakini alijibu kwa tabasamu la kikurugenzi. Alichukulia kwamba cheo, hata cha kujipa, kina harufu yake, na watu wanaisikia.

Duka la chini lilijaa. Alisikia kutoka juu makelele ya wateja, na Mzee wa Misumari akiita, "Ndoo zimebaki nne! Msumari ni uleule, mama, uleule!" Jambo hilo pia alilichukulia kama baraka ya uongozi wake.

Jumamosi ikafika. Hariri alivaa koti na tai. Alifuta meza kwa kiwiko. Aliitazama ndoo akajirekebisha nywele, kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, na kwa mara ya kwanza wazo dogo lilimpita kichwani, likapita kama mtu aliyepotea njia: kwamba anajiona vizuri sana humo. Kabla hajalishika, ngazi zililia.

Mama mkwe aliingia. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mkoba mkubwa na macho yaliyokagua chumba kabla miguu haijafika. Nyuma yake alikuwa binti yake. Nyuma ya binti, Mzee wa Misumari, na nyundo mkononi.

Hariri alizunguka kitini. Akasimama ghafla. Akautazama mlango kama mtu aliyekatizwa.

Mama mkwe akapiga makofi.

"Ndivyo!" alisema. "Ndivyo hasa! Ila leo umewahi kidogo kusimama."

Hariri alinyoosha tai. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

"Ni... niendelee na nini?"

"Na shairi. Nimesafiri tangu alfajiri."

Mkono ulijua kazi yake, ukapanda kifuani. "Karibu mama karibu," alianza, sauti ikitoka kama mlango wenye kutu, "keti kwenye kiti changu..." Alifika kwenye mstari wa tatu. "Sina deni sina tabu, sina..."

Akakwama palepale.

"Sina doa jina langu," mama mkwe alimalizia, akipepesa mkono hewani vilevile alivyoupepesa yeye. "Kila siku hapohapo! Jirani yangu mmoja aliniambia siku ukivuka bila kukwama atachinja kuku."

Chini, dukani, watu waliangua kicheko. Kilipanda kupitia mbao za sakafu na kumwingia Hariri kwenye nyayo. Aligeuka polepole akaitazama ndoo. Ndani ya ndoo, katikati kabisa, aling'aa mtu mdogo mwenye koti na tai, meza yake, kiti chake, na mdomo uliokuwa wazi. Akamtazama mchumba wake.

"Ile simu," alisema. "Ulikuwa ukiisogeza kushoto na kulia..."

"Nilikuwa natafuta pembe ambayo ungeonekana vizuri."

"Na sauti?"

"Iko wazi tangu siku ya kwanza."

"Na namba? Namba ya uongo?"

"Sijawahi kutengeneza namba ya uongo. Ile saba ya kwanza ilikuwa mimi, mama, na watu watano niliowaandikia ubaoni." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo. "Nilikuomba umwambie mama ukweli. Ukakataa. Basi umeusema mwenyewe, kwa sauti, kila siku, na kaka yako shahidi."

Hariri alimgeukia Mzee wa Misumari. Aliona nyundo. Akakumbuka alichosema kuhusu nyundo.

"Mzee wangu, lile neno la kichwa..."

"Kizito na hakigeuki," alisema Mzee. Akaipima nyundo mkononi. "Siku niliyolisikia nilipanda mpaka ngazi ya katikati nikuvunje. Binti huyu akanivuta shati. Akaniambia, mzee, geuka uangalie duka lako. Nikageuka." Na hapo, mbele ya mashahidi, Mzee wa Misumari alicheka kwa mara ya pili katika mwezi mmoja. "Kijana, toka nizaliwe sijauza namna hii. Wanataka msumari uleule. Wanataka ndoo ileile. Kuna mmoja kaulizia pipa."

"Basi niachie niende. Chukua chumba chako. Chukua kiti."

"Utakwendaje? Tulishikana mikono. Mpaka msumari uanguke wenyewe, na wateja wangu walisikia." Akashuka ngazi, akiimba kitu kuhusu taratibu na tabu.

Hariri alibaki na wanawake wawili. Ulimi, uliomlisha, uliomvisha, uliowahi kuuza mwavuli wa mwezi, ulikuwa umelala mdomoni kama soksi. Mama mkwe alikikalia kiti cheusi. Alizunguka mara moja, akasimama sawasawa akiutazama mlango. Hakupitiliza hata kidogo.

"Wewe ni mwongo," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hilo jibu ndilo la kwanza ulilonipa ambalo halina nakshi." "Mkurugenzi simtaki. Wale wawili wa kwanza niliwakataa kwa makosa madogo kuliko yako. Lakini nimekutazama wiki nzima, na najua unafanya nini mtu akiwa hayupo. Unajikwaa, unainuka, unajisalimia. Unalitaja jina la binti yangu ukidhani hakuna anayesikia. Hilo hukulifanyia mazoezi."

Msichana alikuwa ameangalia dirishani, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hiyo, mama..." Hariri alianza, na ulimi ukajaribu kuamka.

"Nyamaza. Kwa hiyo hivi. Siku msumari huo utakapoanguka, wenyewe, mbele ya kila mtu, uje na wazee wako tuzungumze. Kabla ya hapo utakaa humo, tukuone. Mtu anayeonwa mchana kutwa hana nafasi ya kudanganya. Ukiusaidia msumari kwa kidole tu, tutajua." Akasimama, akashika mkoba. "Na lile koti libadilishe. Ndani ya ndoo linakunenepesha."

Waliondoka. Hariri alikaa mpaka hatua zao zikaisha barabarani. Kisha alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma ili dunia iione, akautazama msumari kwa karibu. Ulikuwa umesimama wima kama siku ulipopigiliwa. Haukuwa na kutu. Haukuwa na haya.

"Tafadhali, ndugu yangu," alinong'ona.

Chini duka zima likanyamaza kusikiliza, halafu likacheka mpaka vumbi la saruji likapanda kwa nyufa za sakafu.

Ng'ambo ya barabara, msichana wa miwani aliufuta ubao wake mlangoni. Zilikuwepo tovuti nyingine duniani, za glavu, za vitufe, za mabirika, na alikuwa na orodha ndefu kichwani. Lakini wateja walikuwa wamejipanga tayari, wakisubiri habari moja tu, na mmoja wao alikuwa mama yake, ambaye alikuwa amekwisha kukataa basi la jioni. Msichana alichukua chaki. Alilitazama dirisha la juu kwa kitambo, akajizuia asitabasamu, akashindwa. Akaandika yale ambayo angeyaandika kesho, na kesho kutwa, na asubuhi zote zilizofuata:

UKURASA WA LEO: BADO HAUJAANGUKA.